Kiti cha Mbele

Veronicah, ambaye ploti nzima humwita Mama Shiru, anasema alimwona kwa macho yake mawili. Anasema siku hiyo alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, kwenye geti la ploti, karai la mafuta mbele yake na mandazi yakielea ndani, ndipo gari la polisi likaja polepole kutoka upande wa Ngong Road likasimama barabarani, mwisho wa uchochoro. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akashuka nani? Sifuna. Si kule nyuma kwenye vyuma wanakorundikwa watu. Mbele, kando ya dereva, kama mheshimiwa. Tena alikuwa anajifuta mdomo kwa mkono wa shati, mafuta ya kuku yanamtiririka mpaka kidevuni, na askari akamnyoshea mkono, wakagongana viganja, wakacheka.

"Kuku," Veronicah anasema, ameinua kidole. "Mimi nakaanga kila siku ya Mungu. Mtu aliyekula kuku namjua."

Hivyo ndivyo alivyosimulia mara ya kwanza, kwenye mfereji, wanawake wakiwa wamepanga jerikeni zao. Kufika jioni kuku alikuwa ameongezewa chipsi. Kufika Ijumaa kulikuwa na soda baridi, na bahasha ya kaki iliyotoka mfukoni mwa askari ikaingia mfukoni mwa Sifuna.

Nasimiyu, dadake Sifuna, alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo ya mfereji. Aliyasikia yote, akateka maji yake. Alikuwa mtu wa kuangalia kwanza. Tangu wahamie vyumba hivi vya mabati vilivyojengwa nyuma ya nyumba kuukuu za kaunti hapa Woodley, alikuwa ameona maneno ya Veronicah yakichemka siku tatu kisha yakipoa yenyewe. Alingoja yapoe.

Hayakupoa.

Kilichotokea ni hiki. Sifuna alishikwa katikati ya jiji, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, ambako kwa miaka mitano alikuwa akisukuma mkokoteni asubuhi na kuvuta unga wa heroini mchana. Askari wawili walimkuta na kete mbili za unga ndani ya soksi. Mmoja alimshika nywele akamgongesha kichwa ukutani mara tatu, taratibu, bila hasira, kama mtu anayepasua nazi. Kete moja ikaanguka. Sifuna, badala ya kujikinga uso, akainama kuiokota, na askari wa pili akamkanyaga vidole kwa buti na kuzungusha kisigino mpaka kucha mbili zikang'oka. Wauza vipuri walitazama, wakarudi kwenye kazi zao. Mtu akiitwa teja, mvuta unga, katika jiji hili, kilio chake hakihesabiwi.

Nasimiyu alifika stesheni akitoka Parklands, ambako huwafulia watu nguo kwenye fleti, mikono yake bado imekunyata kwa maji ya sabuni. Nyuma ya meza alikuwa amekaa koplo mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kibandiko kifuani kilisema Obuya.

"Wewe ni nani yake?"

"Dadake, afande."

"Umekuja na nini?"

Nasimiyu aliinamisha macho. Swali hilo kila mtu wa ploti yao analijua na jibu lake. Akaanza kufungua fundo la leso.

"We, funga hiyo leso!" Obuya akasema. "Nimekuuliza umekuja na kitambulisho?"

Kisha akamweleza, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Kulikuwa na mpango. Mtu akishikwa na kitu kidogo cha kuvuta mwenyewe, Obuya hakumpeleka kortini mara moja. Alimpeleka kliniki ya dawa. Huko angekunywa dawa ya kutuliza mwili kila asubuhi, mbele ya nesi, kabla ya saa nne, kwa siku tisini. Akizimaliza, faili inafungwa.

"Akikosa siku tatu zikifuatana," Obuya akasema, "faili inaenda kwa hakimu, na hapo mimi sina mkono. Unanisikia? Tatu. Ataenda jela na hii unga bado iko kwa damu yake, na huko ndani hakuna wa kumpa dawa. Nimezika wawili hivyo."

"Na tunalipa nini, afande?"

"Hakuna."

Nasimiyu alimwangalia usoni akitafuta utani. Hakuuona. Katika ploti yao, tangu mabati ya kwanza yapigiliwe misumari, hakuna aliyewahi kuingia seli akatoka bure. Aliyetoka amelipa, au amemtaja mwenzake. Njia ya tatu hakuna aliyewahi kuisikia.

Sifuna alitiwa nyuma ya gari pamoja na wengine wawili, akapelekwa kliniki, akaandikishwa, akanywa kikombe chake cha kwanza. Kwa kuwa hakuweza kusimama, Obuya alimwambia dereva amshushe nyumbani. Alishuka kwa mlango wa nyuma, anajifuta matapishi mdomoni. Askari alinyosha mkono, akamsukuma bega ili apate kufunga mlango. Kuku alikuwa huyo, na salamu ya viganja ilikuwa hiyo.

Dawa ilimshika. Nasimiyu alimsindikiza kila asubuhi kabla ya kwenda kufua, akasimama kando akitazama. Nesi wa pale aliitwa Mgeni, mama wa Kimombasa aliyezoea baridi ya Nairobi kwa kuvaa sweta mbili. Alimimina dawa kwenye kikombe kidogo, akasukuma chini ya wavu.

"Haya, kaka. Kunywa yote. Sasa maji. Sasa taja jina lako."

"Sifuna."

"Lote!"

"Sifuna Wekesa."

"Ahsante. Kesho, Mungu akipenda."

Ilikuwa lazima kutaja jina, kwa sababu wako wanaoificha dawa shavuni wakaenda kuitema na kuiuza nje. Mdomo uliojaa hauwezi kusema jina. Siku ya kumi na moja Sifuna alimaliza ugali wake, akaomba mwingine. Siku ya kumi na nne alirudi kwenye mkokoteni. Kila jioni Obuya alimpigia Nasimiyu simu. "Yuko? Amekunywa? Sawa."

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Nasimiyu alisimama kanisani. Hakuwa amewahi kusimama hata siku moja. Lakini moyo ulikuwa umemjaa, na kule kwao mtu aliyetendewa wema akinyamaza huonekana mwizi wa baraka.

"Bwana asifiwe," akasema. "Nataka kushukuru kwa ajili ya ndugu yangu. Alishikwa na polisi na hatukutoa hata ndururu. Walimwachilia hivi hivi. Na koplo mwenyewe ananipigia simu kila siku kuuliza Sifuna yuko wapi."

Wanawake walipiga vigelegele. Nasimiyu, ambaye huona kila kitu, siku hiyo alikuwa amefumba macho kwa furaha, hakuona Veronicah akimgeukia jirani yake kwenye benchi la tatu na kumkanyaga mguu.

Jumatatu polisi wa stesheni nyingine kabisa walivamia maskani ya Ngui. Huyo Ngui ndiye aliyeuza unga upande huo wote, pale palipokuwa zamani pa kuoshea magari. Walivunja mlango kwa nyundo, wakamburuta mdogo wake Ngui nje, naye alipojaribu kukimbia wakampiga risasi ya paja. Damu ilitiririka kwenye mtaro wa kuoshea magari mpaka barabarani. Ngui hakuwepo. Aliporudi alikuta mtaro umekauka mweusi. Aliuliza swali moja tu: nani? Na watu walikuwa na jibu la zaidi ya wiki mbili.

Jumanne asubuhi, saa moja na nusu, Nasimiyu na Sifuna walikuwa wakitoka ploti kwenda kliniki. Kutoka pale kuna njia moja tu, uchochoro kati ya nyua mbili za kaunti, mrefu kama hatua hamsini. Katikati yake walimkuta Ngui na vijana wawili. Mmoja alikuwa na nondo, mwingine mkono mtupu.

"Niaje, Sifuna."

"Poa, Ngui."

"Unaenda kwa baba yako?"

"Naenda hosi, msee. Nakunywa dawa."

"Hebu tuone hiyo dawa."

Sifuna, maskini, akatoa kadi ya kliniki mfukoni. Nyuma yake palikuwa na muhuri wa polisi. Ngui aliutazama muhuri kwa muda mrefu, akamwonyesha mwenye nondo, na nondo ikashuka.

Ilimpata Sifuna kwenye nyonga. Mlio wake ulikuwa kama wa kuni mbichi. Alianguka upande, na kabla hajafika chini ikampata mgongoni, kisha kwenye mkono uleule wa kucha zilizong'oka. Nasimiyu aliruka. Kijana wa mkono mtupu alimshika leso ya kichwa, akambamiza kwenye ua, seng'enge ikamchana shavu. Akasukumwa tena. Mara ya tatu alijing'oa, akaacha leso mkononi mwa kijana, akamrukia Ngui na kumuuma kifundo cha mkono, akakaza mpaka akahisi chumvi. Ngui alimpiga ngumi ya sikio. Dunia ikawa mlio mmoja mrefu, na ndani ya mlio huo aliona Ngui akikunja ile kadi na kuisokomeza kinywani mwa Sifuna.

"Meza! Si unapenda barua ya karao? Meza!"

Akainua mguu, akakanyaga taya. Mara moja. Mara mbili. Ya pili, taya ilihama, kidevu kikaelekea bega.

Uchochoroni kulikuwa na watu. Fundi viatu alikuwepo, watu wanaokwenda kazini walikuwepo, na pale getini, nyuma ya karai lake, alikuwepo Veronicah. Hakuna aliyesogea. Mwizi angeweza kuombewa, lakini mtu wa kuchomea wenzake kwa polisi, hapana.

"Sifuna hajasema kitu!" Nasimiyu akalia. "Nani alikuambia amesema?"

"Mama Shiru alimwona kwa gari, kiti cha mbele, anakula kuku." Ngui alikuwa anafunga kifundo chake kwa kitambaa. "Na wewe mwenyewe ulisimama kanisani ukasema karao anakupigia kila siku. Ama niliambiwa uwongo?"

Nasimiyu alitambaa mpaka kwa Sifuna, akamwinua kichwa.

"Mrudishe ndani," Ngui akasema. "Akipita hii njia kwenda kwa karao tena, sitamvunja. Nitammaliza."

Siku ya kwanza ilipotea hivyo.

Siku ya pili arosto ilimshika Sifuna, ile njaa ya mwili uliozoea dawa ukainyimwa. Alitetemeka mpaka mabati yakagongana. Aliharisha kitandani. Kadi aliyoitapika ilikuwa imekauka sakafuni, muhuri bado unasomeka. Nasimiyu alimfunga taya kwa leso kuzunguka kichwa, akamnywesha uji kwa mrija wa soda, na uji ukarudi na damu. Adhuhuri alishika mkono wa dadake, akaonyesha upande wa maskani ya Ngui.

"Kete," akasema kwa koo, maana midomo haikukutana. "Moja."

"Hapana, Sifuna. Kesho tunaenda."

"Moja, Nasi."

"Hapana."

Hakujua kama ndugu yake bado alikuwa na nguvu hizo. Sifuna alimshika koo kwa mikono yote miwili, akamlaza chini, magoti kifuani, macho yamemtoka. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mto wakienda shule huko Kimilili. Nasimiyu aliona weusi ukiingia pembeni. Mkono wake ulipapasa sakafuni ukapata sufuria, akampiga nayo kichwani, akampiga tena, mpaka mikono ikalegea. Kisha akamfunga kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya kuanikia nguo, akakaa mlangoni akitafuta pumzi.

Simu ililia. Jana jioni aliiacha ilie; leo akaishika. Obuya.

"Yuko wapi? Nesi anasema jana na leo hakuja."

Alimweleza yote.

"Kesho asubuhi nakuletea gari mpaka mlangoni," Obuya akasema. "Nakuja mwenyewe na askari wanne."

"Usilete gari, afande."

"Unasema nini?"

"Gari ndilo limetuua. Ukija na gari, utampeleka kliniki kesho. Keshokutwa je? Utalala hapa kwetu? Sisi ndio tutarudi kwa hii ploti."

"Basi niwashike hao watu. Nipatie shahidi mmoja asiye wa nyumba yenu."

"Walikuwa wengi, afande."

"Nipatie mmoja."

Nasimiyu alitazama uwanja wa ploti. Milango ilikuwa wazi asubuhi yote. Sasa ilikuwa imefungwa.

"Sina," akasema.

"Nasimiyu, kesho ni ya tatu. Ikifika saa nne na hajanywa, hiyo faili si yangu tena. Mimi nasikitika, lakini si yangu."

Alhamisi alimfungua saa mbili kasoro, akamwosha, akamvalisha shati safi. Sifuna alikuwa ametulia, mweupe kama jivu. Alisimama kwa mguu mmoja na ufagio. Nasimiyu alimshika kwapani, wakaingia uchochoroni.

Ngui alikuwa peke yake safari hii, ameegemea ua, rungu chini ya kwapa. Kifundo chake kilikuwa kimevimba.

"Wewe mwanamke hauskii?"

"Nipige mimi," Nasimiyu akasema. "Yeye mwache apite. Akikosa leo anafungwa, na akifungwa anakufa."

"Si apelekwe na rafiki zake."

"Hana rafiki polisi. Wangekuwa rafiki zake wangekuja. Umewaona?"

Neno hilo lilimfanya Ngui angalie barabarani. Hakukuwa na gari. Nasimiyu aliliona wazo likimpita usoni, akajua amegusa kitu, akasogea hatua moja. Pengine aliharakisha. Rungu lilikuja kutoka upande, likapiga goti zima la Sifuna, na ufagio ukaruka. Alianguka bila kulia. Nasimiyu alijilaza juu yake na pigo la pili likamwangukia mkononi, juu ya kiwiko. Aliusikia mfupa. Pigo la tatu lilipasua ngozi ya kichwa, damu ikamwingia machoni.

"Mama Shiru ndiye alikuambia!" akapiga kelele chini ya rungu. "Akisema amekosea?"

Rungu lilisimama juu.

Ngui alikuwa anahema. "Mama Shiru alininunulia mkate nikiwa mdogo. Hajawahi kunidanganya. Aje hapa aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, hakuona kiti cha mbele. Akisema, natoka kwa hii njia. Asipokuja, huyu hatafika barabarani."

Nasimiyu alimwacha Sifuna pale alipoanguka, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kumbeba, akarudi mpaka getini. Veronicah alikuwa amekaa pale pale, karai mbele yake, mafuta yanachemka.

"Mama Shiru."

"Nasimiyu, angalia, damu yako itaingia kwa mafuta yangu."

"Uliona kuku?"

Veronicah alishika kijiti chake cha kugeuzia. "Niliona anajifuta."

"Alikuwa anafuta matapishi."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Na kiti cha mbele?"

"Gari lilisimama upande ule mwingine, mlango aliotokea sikuuona," Veronicah akasema. "Mtu akisimulia huongeza chumvi kidogo, si unajua? Hata wewe ungeongeza. Mimi sikujua watampiga hivi. Haki ya Mungu, sikujua."

"Hata mimi nilisema. Nilisema kanisani, na hukunilazimisha. Mdomo wangu na wako, vyote viwili vilimvunja. Sikuja kukulaumu."

"Ngui atanifanya nini akijua nilimdanganya? Niko na watoto, Nasimiyu. Nimekaa hapa miaka kumi na minane."

"Najua."

Kutoka uchochoroni walisikia sauti. Sifuna alikuwa amejiinua kwa kiwiko, amegeuza uso upande wa barabara, na alikuwa akijaribu kitu kwa ile taya iliyofungwa leso. "Hi. Hu. Na." Akapumzika. "Hihuna." Alikuwa akifanya mazoezi, ili nesi akimwambia ataje jina lake, aamini kwamba amemeza.

Nasimiyu alitoa simu kwa mkono mzima. Saa tatu na dakika tano. Akairudisha. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Veronicah, damu ikidondoka kwenye vumbi, mbali na mafuta.

"Inuka, Mama Shiru. Ushike mkono wake wa kushoto, mimi nishike wa kulia kwa huu uliobaki. Mbele ya Ngui useme tu hukuona. Usiseme ulidanganya, sema hukuona vizuri. Kisha urudi kwa mandazi yako. Ni hatua hamsini."

Veronicah aliligeuza andazi. Lilikuwa limeiva pande zote mbili, lakini aliligeuza tena.

Kule katikati ya uchochoro Ngui alikuwa amehamisha rungu kwenye mkono mwingine, anawatazama wanawake wawili getini, anangoja.

"Mama Shiru," Nasimiyu akasema, akanyosha mkono. "Tafadhali. Twende."